Karani Apelekwa Nduguti Kujifunza Kuita Mtoto

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msitegemee habari za mtu aliyepanda milima. Nyumba yangu iko Unyambwa, kazi yangu iko Singida mjini, na dunia yangu inaanzia na kuishia katikati ya hapo, juu ya baiskeli. Nikichelewa kurudi nusu saa, mke wangu, Mama Rehema, huuliza kama nimehamia. Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba karani wa mahakama, yaani mimi, aende Nduguti kwa siku tatu kwenye mafunzo, mke wangu aliisoma mara mbili, akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Wamekosea mtu."

Hawakukosea. Na sababu ya kupelekwa lazima niieleze hapahapa mwanzoni, ingawa hainipambi.

Mahakamani mimi ndiye ninayesimama mlangoni na kuita majina. Watu wakiwa wametawanyika uani, wengine wako kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, naita mara tatu na kila mtu anasikia, hata asiyehusika. Nina cheti cha kidato cha nne na nina sauti. Sauti ndiyo iliyonipa kazi. Siku za Alhamisi mahakama yetu hukaa kama mahakama ya watoto. Hakimu huacha ukumbi mkubwa akahamia chumba kidogo, mlango unafungwa, wasiohusika wanabaki nje. Lakini mwitaji alikuwa yuleyule na sauti ileile.

Alhamisi moja aliletwa mtoto wa kike wa miaka tisa. Jina lake silisemi. Hapa nitamwita Anjela. Wazazi wake wote wawili wamefariki. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake mjini, siku moja akatoka na nguo alizovaa, akatembea, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akatembea tena, hadi akafika upande wa Mgori kwa bibi mzaa mama. Akagoma kurudi. Shangazi alimtaka, bibi alimtaka, na hakimu alitaka kumsikia mtoto mwenyewe.

Nikamwita. Mara tatu, kwa jina lake na la marehemu baba yake, kama ninavyowaita wezi wa ng'ombe. Alipoingia nikamwambia ninachowaambia watoto wote: awaamkie wakubwa kwanza, mmoja mmoja. Kwetu mtoto haingii penye watu wazima akaanza kusema tu. Akamwamkia hakimu. Akaniamkia mimi. Akamwamkia Bi Fatuma, ambaye ni afisa wetu wa ustawi wa jamii. Akamwamkia bibi yake. Halafu akasimama, macho sakafuni.

"Malizia," nikamwambia.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Hujafundishwa nyumbani?" Na hilo sikulisema kwa sauti ya chini.

Mtoto akaziba masikio kwa viganja, akaingia chini ya meza, akajikunja huko mpaka bibi yake alipomtoa. Shangazi akasema, "Mnaona? Ndivyo alivyo." Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubaliana naye.

Hakimu wetu ni mwanamke mtulivu. Akaahirisha kwa wiki mbili. "Asipozungumza hata safari hiyo," akasema, "nitabaki na maneno ya watu wazima peke yake." Na kati ya watu wazima wale, shangazi ndiye aliyejua kusema. Bibi alisema sentensi mbili za Kinyaturu, nikazitafsiri, akaanza kulia, ikawa imeishia hapo.

Barua ya Nduguti ilikuja siku nne baadaye. Mafunzo yalikuwa Jumatatu hadi Jumatano. Anjela alikuwa anarudi Alhamisi.

Jumamosi nilikwenda kununua begi, maana sikuwa nalo. Msafiri wa Unyambwa–Singida anabeba mfuko. Mzee wa Kihindi mwenye duka la mabegi karibu na soko, ambaye anazungumza Kinyaturu kuliko watoto wangu, aliniuliza ninakwenda nchi gani. Nikamwambia Nduguti. Akarudisha begi kubwa juu akanipa dogo. Nilirudi nalo nyumbani likagoma kumeza mto wangu wa kulalia, ikabidi niubebe mkononi.

"Unakwenda na mto?" Mama Rehema akauliza.

"Shingo yangu haijui mito ya watu."

"Basi chukua na kitanda."

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi, nimekumbatia mto. Bi Fatuma alikuwa amefika kabla yangu, na kipochi kimoja tu. Ni mama wa makamo, mcheshi, amezunguka mkoa huu wote hadi mbuzi wanamfahamu.

"Karani, huyo nani uliyembeba?" akaniuliza.

"Mto wangu, Bi Fatuma."

"Amekatiwa tiketi?"

Nilimwachia acheke. Basi likatoka mjini, tukayapita yale mawe makubwa yaliyopandana kama mtu aliyapanga halafu akaitwa kula, na upepo wetu ukaingia madirishani. Baada ya hapo nikaona kitu ambacho kwa miaka hamsini na miwili sikuwa nimekiona, kwa sababu sikuwa nimetoka: mashamba ya alizeti yamechanua pande zote mbili za barabara, manjano tupu mpaka macho yanachoka. Nikasema kwa sauti, "Hivi kumbe ni nzuri hivi?" Abiria wa mbele akageuka kuangalia kama mimi ni mtalii.

Saa tatu tulishuka Iguguno kungoja gari la kwenda Nduguti. Pale lami inatuacha. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai, na hapo ndipo nilipomuuliza Bi Fatuma swali lililonikera tangu barua ifike.

"Nani aliandika jina langu kwenye orodha?"

"Mimi," akasema, akipuliza chai yake.

"Kwa nini usimwandike yule karani mwenzangu? Yeye anapenda safari."

"Yeye hana sauti."

Nilidhani ananisifia. Nilikaa na sifa ile kwa saa nzima, nimeketi wima kabisa.

Saa sita mchana tuliingia Nduguti tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Ni mji unaojengwa bado: ofisi mpya za serikali zenye bati linalong'aa, na nyuma yake ng'ombe wanapita kwa utaratibu wao kama kawaida. Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Mkumbo, karani wa huko, Mnyiramba mrefu mwenye maneno mengi. Alinipokea begi, akaukodolea macho mto.

"Mtani, huku kwetu tuna mito. Tulianza kuitumia nyie Wanyaturu mkiwa bado mnalalia mawe."

"Ndiyo maana shingo zetu ni imara," nikamjibu, na tukawa ndugu kuanzia hapo. Mkewe, Mama Eliza, alikuwa ametuandalia ugali wa uwele na mlenda, na kuku ambaye kwa ladha yake nilijua hajawahi kula chakula cha dukani. Nikala kama mtu aliye nyumbani. Ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuitoa.

Alasiri mafunzo yakaanza. Tulikuwa kama ishirini: mahakimu, makarani, polisi wa dawati la watoto, watu wa ustawi. Mwezeshaji alikuwa Mama Naomi kutoka Dodoma, mama mnene mwenye sauti ndogo mno. Nilimhurumia. Kisha nikagundua kwamba ukumbi mzima umenyamaza ili umsikie, na huruma ikageuka kuwa kitu kingine.

Alituambia kuhusu kiwewe, yaani lile jeraha la hofu linalobaki ndani ya mtu baada ya jambo lenyewe kupita. "Mtoto aliyepigwa sana," alisema, "mwili wake umejifunza kujihami kabla akili haijafikiri. Wewe unagonga meza ili watu watulie. Kwako ni meza tu. Yeye mwili wake umeshajificha, na ukimuuliza swali hapo, hamna mtu wa kukujibu."

Nikanyoosha mkono. "Sawa, mama. Na adabu je? Mtoto akigoma kuamkia wakubwa, tumwache tu? Si tutajenga taifa la vichwa vigumu?"

Wengi walipiga makofi, mahakimu wawili wakiwemo. Nikakaa nikiwa nimeridhika. Mama Naomi alitabasamu. "Swali zuri sana, baba. Kesho utatujibu wewe."

Jumanne, saa nne asubuhi, nikaelewa alichomaanisha. Tuliigiza mahakama, na kila mtu akapewa nafasi asiyoikalia kazini. Mimi nikapewa kuwa mtoto. Bi Fatuma akapewa kuwa karani. Akaomba koti langu, nikampa, akalivaa, akatembea mbele ya watu kwa kuburuta kisigino cha kushoto. Ukumbi ukavunjika mbavu. Sikujua kuwa naburuta kisigino.

Kabla hawajanitoa nje, Mama Naomi alinivuta pembeni. "Baba, ulipokuwa na miaka tisa, ulimwogopa nani?"

Sikuhitaji kufikiri. "Mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu."

"Mle ndani atakuwepo. Bwana Mkumbo ndiye yeye. Hatafanya kitu chochote, atakaa tu na rula."

Nikakaa nje kwenye kigoda, magoti yamegusa kidevu, nimejiandaa kuchekesha watu. Nilikuwa nimepanga hata kunyonya kidole. Kisha jina langu likaitwa.

Mara tatu. Kwa sauti yangu. Bi Fatuma alikuwa ameishika yote, hata lile jina la mwisho ninalolivuta kama king'ora. Nilijua ni mchezo, nilijua koti ni langu, na bado moyo uliruka na kidole nikakisahau. Nikaingia. Macho yote yako kwangu.

"Waamkie wakubwa, mmoja mmoja!"

Nikamwamkia hakimu. Nikamwamkia karani. Nikamwamkia mama wa polisi. Nikamfikia Mkumbo, mtani wangu niliyekula naye mlenda jana tu. Amekaa na rula mapajani, hata kuniangalia haniangalii. Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Mzee mzima, nina wajukuu, na viganja vinatoa jasho kwa ajili ya mwalimu ambaye ni marehemu siku nyingi. Watu walikuwa bado wanacheka.

"Malizia," akasema Bi Fatuma.

Nikabaki nimesimama.

"Hujafundishwa nyumbani?"

Yalikuwa maneno yangu. Hakubadilisha hata moja. Vicheko vikapungua, kisha vikaisha.

"Umesimama kwa nani, baba?" Mama Naomi akauliza, kwa ile sauti yake ndogo.

"Kwa aliyenipiga."

"Na mtoto mliyenaye huko kwenu, asiyetaka kuzungumza. Yeye alisimama kwa nani?"

Nikamwangalia Bi Fatuma. Alikuwa ameshavua koti langu, amelikunja mkononi. Nikajaribu kukumbuka chumba kile: hakimu, mimi, Bi Fatuma, bibi. Halafu kiti cha pembeni.

"Aliyekuwa anafuata ni shangazi yake," nikasema.

Mimi niliomba ruhusa nikanywe maji, na niliyanywa kwa muda mrefu kuliko kiu yangu.

Lile jibu la swali langu la jana hawakunidai tena. Mchana wote tulishika kazi. Mtoto angojee mbali na mtu anayemhofia. Usimwite, mfuate alipo. Kaa chini, macho yenu yalingane. Mwambie kitakachotokea kabla hakijatokea, mlango uko wapi, na kwamba anaweza kuomba kupumzika. Asipojibu, andika kwamba amenyamaza, usiandike kwamba amekataa. Nilinakili yote kwa mwandiko mzuri kuliko wa kazini.

Jioni, jua likiwa halijazama, nilifanya mazoezi uani kwa Mkumbo. Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi letu la mahakamani ni hatua kumi na mbili. Nikazipima pale, nikatembea bila kuburuta kisigino, nikachuchumaa. Magoti yakalia kama kuni. Nikasema polepole, "Habari yako. Mimi ndiye karani." Jogoo wa Mama Eliza akawika kwa nguvu zake zote. Nikaanza tena. Akawika tena.

"Mtani," Mkumbo akasema kutoka barazani, "huyo amekuelewa. Nenda naye. Ana sauti kama yako, na wewe sasa yako umeistaafisha."

Jumatano mchana tukaagana. Nilikuwa na begi, mto, na jogoo ndani ya tenga, na Bi Fatuma alikataa kusema kwamba tunafahamiana mpaka gari lilipoondoka. Tulipofika Iguguno alimpigia hakimu simu, tukapanga: shangazi asikilizwe saa tatu peke yake, aondoke kupitia mbele, Anjela na bibi yake waje saa tano, wakae kule nyuma kwenye kivuli, karibu na chumba cha majalada. Hakimu akakubali yote papo hapo. Alikuwa ameshapata mafunzo hayo tangu zamani. Aliyekuwa anamkwamisha ni mtu wa mlangoni.

"Bi Fatuma," nikamwambia tukiwa njiani, "kwa nini siku ile hukuniambia palepale?"

"Ningekuambia ungenijibu nini?"

Nikafikiri. "Ningekuambia watoto wa siku hizi hawana adabu."

"Basi."

Nilifika Unyambwa kabla ya giza. Mama Rehema alimwangalia jogoo, akaniangalia mimi. "Ulikwenda mwenye kelele mmoja, mmerudi wawili." Nikamjibu kwa sauti ya chini kabisa kwamba nimefurahi kufika. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, saa tano kasoro dakika kumi, nilitoka mlangoni pangu bila kuita mtu. Hatua kumi na mbili. Anjela alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, amejibanza kwa bibi yake. Aliponiona alipandisha mabega hadi masikioni. Nikachuchumaa mbali kidogo. Magoti yakalia. Akayaangalia.

"Yanauma?" akauliza. Ndiyo mara ya kwanza niliyosikia sauti yake ikiuliza kitu.

"Kidogo. Ni ya zamani."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, jambo ambalo halikuwa rahisi, mtu wa kazi yangu. Halafu akasema, "Wewe ndiye uliyepiga kelele."

"Ndiyo, ni mimi. Nilikosea."

"Utapiga tena?"

"Sitapiga. Mle ndani yupo mama hakimu na Bi Fatuma tu. Shangazi yako alikuja asubuhi, ameshaondoka. Huna haja ya kumwamkia mtu. Bibi atakaa karibu na mlango, na mlango hatuufungi kwa ufunguo. Ukichoka unasema umechoka."

Aliangalia mlango, akaangalia kwa muda mrefu upande wa lango la mbele, alikopita shangazi yake kuondoka. Sikumharakisha. Kule ndani hakimu alikuwa anangoja, na kama mtoto angegoma kunyanyuka pale, shauri lilikuwa limekwisha. Bibi alitaka kumsukuma, nikamwomba kwa Kinyaturu amwache. Kisha Anjela akashuka kwenye benchi, akakung'uta vumbi kwenye nguo yake nyuma, akatangulia. Mimi nikamfuata. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, aliyeitwa alimwongoza mwitaji.

Nilisimama nje ya mlango kuzuia watu wasipite wakizungumza. Nilimnyamazisha wakili mmoja kwa kidole tu, akashangaa, nami nikashangaa zaidi. Alichosema mtoto mle ndani si changu kukisimulia. Nitasema tu kwamba kilichukua karibu saa nzima, katikati aliomba maji mara moja, na sauti iliyosikika zaidi haikuwa ya hakimu wala ya Bi Fatuma.

Uamuzi ulitolewa mchana. Anjela anakaa kwa bibi, na Bi Fatuma atakuwa anakwenda Mgori kumwangalia. Amenitaka niwe namsindikiza kutafsiri. Nimekubali, mtu wa nyumbani mimi, na mto nitauacha.

Nilichojifunza kwenye safari hii ni kidogo, lakini nimekitoa mbali. Miaka yote niliamini kwamba naita watu, kumbe wengine nilikuwa nawafukuza. Adabu bado naipenda. Wajukuu wangu wananiamkia kila asubuhi, na asiyefanya hivyo hapati mkate haraka. Ila sasa mtoto akisimama katikati ya salamu, kabla sijafungua mdomo, naangalia kwanza ni nani aliyekaa kwenye kiti kinachofuata.

Wakati wa kuondoka, bibi na Anjela walinipita pale mlangoni. Bibi, mtu wa kwetu na malezi ya kwetu, alimshika mjukuu begani akamgeuzia kwangu. "We, hujamwamkia mzee. Toa salamu, huna adabu?"

"Mwache, mama," nikamwambia. "Leo amesema ya kutosha."

Anjela aliniangalia magoti, akamshika bibi yake mkono, wakaenda.